Kipindi Kisicholaza: Namna ya Kuandaa Somo Likamshika Mwanafunzi

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa hivyo hebu nianze na kosa langu, halafu nikueleze nilichojifunza kutokana nalo.

Muhula wa kwanza mwaka huu, mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili aliniita ofisini. Alikuwa na vipindi vingi kuliko nguvu za binadamu mmoja, akaniambia, “Wewe utawasaidia wenzako kudurusu ngeli. Jumatano, baada ya vipindi vya mchana.” Nilifurahi kweli! Usiku huo nilinakili kurasa tatu nzima kutoka kitabuni. Jumatano ikafika, nikashika chaki, nikaandika ubao wa kwanza, nikaufuta, nikaandika wa pili. Jua la Tarbaj mnalijua. Mabati yalikuwa yanalia kwa joto. Baada ya dakika ishirini hivi niligeuka nyuma. Loo! Wawili walikuwa wamelala fofofo, mmoja alikuwa anachora lori, na dawati la nyuma lilikuwa limeshafika Uingereza kwenye mpira. Nikauliza, “Mmeelewa?” Wote wakajibu, “Ndiyooo!”

Nikawapa sentensi tano za kujaza. Sentensi ya kwanza ilihusu maziwa. Kati ya wanafunzi 31, wanafunzi 26 waliandika “maziwa hii ni tamu.”

Nilimpelekea mwalimu zile karatasi kichwa kikiwa chini. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, “Ulifundisha ngeli, au ulifundisha ubao?” Nikanyamaza kama maji mtungini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: kwani ni kitu gani kinachofanya kipindi kimoja kimshike mwanafunzi, na kingine kimlaze? Makala haya ni majibu niliyoyapata kwa kusoma, kwa kuuliza, na kwa kujaribu mwenyewe.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO KWETU

Labda utasema, “Kuandaa somo ni kazi ya mwalimu, mimi mwanafunzi yanihusu nini?” Ndugu yangu, yakuhusu sana. Sisi wa kaunti za Wajir, Garissa na Mandera tumeishi na uhaba wa walimu kwa miaka mingi. Novemba 2014, abiria 28 waliuawa karibu na mji wa Mandera, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda kwao likizo. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na baada ya hapo Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha wengi wa walimu waliotoka sehemu nyingine za nchi. Hatuwezi kumlaumu mtu kwa kuogopa kifo. Lakini matokeo yake ni kwamba mara nyingi darasa hukaa na kitabu bila mwalimu, na mwanafunzi mmoja huinuka akamfundisha mwenzake.

Aidha, kikosi chetu kina jambo la pekee. Sisi ndio tulioufanya mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023. Nyuma yetu hakuna mwingine wa 8-4-4. Nyuma yetu kuna wadogo zetu wa Gredi ya 10 wenye mtaala mwingine kabisa. Zamani mtu akiachwa na masomo angerudia darasa. Sisi tukiachwa, tutarudia darasa lipi?

Swali hili halikuwa la mdomoni tu. Mwezi wa Februari jirani yangu wa dawati aliacha kuja shuleni. Mama yake aliugua, ikabidi msichana huyo aende malishoni na nyanya yake kuchunga mbuzi. Dawati likabaki na mimi peke yangu. Nitakuja kwake baadaye.

DUKSI ILITUTANGULIA

Nilipoanza kutafuta, sikwenda mbali. Nilirudi duksi. Kila mmoja wetu alipita huko akiwa mdogo, na ubao wake wa mti na wino wa makaa. Hebu kumbuka: tulijifunzaje irabu za Kiarabu? Tuliimba alif la kordhabey, alif la hoosdhabey, alif la godey. Alama ya “a” hukaa juu ya herufi, na kor kwa Kisomali ni juu. Alama ya “i” hukaa chini, na hoos ni chini. Alama ya “u” imejikunja, ndiyo godey.

Njia hiyo haikuota kama uyoga. Inasemekana iliwekwa karne nyingi zilizopita na Sheikh Yusuf al-Kawneyn, ambaye Wasomali humwita Aw Barkhadle, na kaburi lake lipo si mbali na Hargeisa. Aliona watoto wa wafugaji wanahangaika na majina ya Kiarabu wasiyoyajua. Badala ya kuwalaumu watoto, alibadilisha somo. Alichukua maneno ambayo mtoto anayo tayari mdomoni, akayafanya ngazi ya kupandia kwenye jambo geni.

Waama, hapo nilipata kanuni ya kwanza: anza na kile mwanafunzi anachokijua. Mimi siku ile nilianza na kile kitabu kinachokijua.

Tena duksini hakuna anayekaa kimya. Kila mtoto ana ubao wake, kila mtoto anasoma kwa sauti, mkubwa anamsikiliza mdogo, na maalim anapita akisahihisha mmoja mmoja. Hiyo ni kanuni ya pili: kila mwanafunzi awe na kazi mkononi.

WALIMU WA KENYA WALISHALIFIKIRIA

Mwalimu wetu mmoja wa sayansi alinieleza juu ya mradi uitwao SMASSE. Ulianza Kenya mwaka 1998 kwa msaada wa Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani, JICA, ili kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za upili. Baadaye kazi hiyo ikakaa katika kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Wao walileta mtindo wa kupanga somo wenye nguzo nne: pawe na shughuli ya kufanya, mwanafunzi awe katikati, pawe na majaribio, na mwalimu abuni vifaa kutokana na vitu vilivyopo. Huna chupa ya maabara? Tumia chupa ya soda. Huna mizani? Tengeneza kwa kijiti na kamba.

Pamoja na nguzo hizo, walifundisha hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha. Hapo ndipo nilipojiona. Mimi nilipanga kwa kunakili, nikatenda kwa kuandika, sikutazama kitu maana nilikuwa nimewapa wenzangu mgongo, na kuboresha sikujua kama kupo.

Mfano mwingine wa nyumbani ni Mwalimu Peter Tabichi. Machi 2019, mjini Dubai, alipewa tuzo ya mwalimu bora duniani pamoja na dola milioni 1 za Marekani. Sikiliza alikofundisha: Shule ya Upili ya Kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani, Kaunti ya Nakuru. Shule ya kutwa kama yetu! Wanafunzi 58 kwa mwalimu mmoja, kompyuta moja tu, na intaneti ya kusuasua. Basi alikuwa akienda kwenye mikahawa ya intaneti, anachukua masomo na picha, anayahifadhi, kisha anarudi kuyatumia darasani bila kuhitaji mtandao. Alianzisha pia chama cha kukuza vipaji, na wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Aidha, alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini.

Funzo ni hili: kifaa peke yake hakifundishi. Shule nyingine zina kompyuta nyingi zilizofunikwa vitambaa. Yeye alikuwa na moja, lakini alijua anataka kuitumia kwa jambo gani.

SOMO LANGU LA PILI

Nilimwomba mwalimu anipe Jumatano nyingine. Akakubali. Safari hii niliigawa saa yangu kama hivi, dakika 40 kamili.

Dakika 5 za kwanza: fumbo. Sikuandika kitu ubaoni. Niliwauliza, “Kwa Kisomali tunasema ninka, yule mwanamume, na naagta, yule mwanamke. Kwa nini hatusemi ninta?” Darasa likaangua kicheko. Mmoja akasema, “Hata mtoto mchanga hawezi kusema hivyo!” Nikamwuliza, “Nani alikufundisha?” Akakosa jibu. Nikawaambia: Kisomali kimeyagawa majina mafungu mawili, na kila fungu lina mkia wake. Kiswahili kimeyagawa mafungu mengi zaidi, na badala ya mkia kina kichwa. Mswahili akisikia “maziwa hii”, masikio yake yanaumia vilevile kama yako yanavyoumia ukisikia “ninta”. Basi! Kwa mara ya kwanza niliona nyuso zimesema “kumbe!”

Dakika 10: kadi. Nilikuwa nimekata maboksi matupu ya baasto yaliyotupwa nyuma ya duka. Kila kundi la watu watano lilipata kadi ishirini zenye majina ya vitu vya hapa petu: ngamia, mbuzi, maziwa, maji, kivuli, kisima, jiwe, mkeka, ukuni, kuni, wembe, chumvi na kadhalika. Kazi yao ilikuwa kuzipanga kwa sikio: zipi ni huyu, zipi ni hiki, zipi ni hili, zipi ni huu, zipi ni haya. Walibishana sana juu ya “kuni” na “ukuni”. Sikuwajibu upesi, maana ubishi wenyewe ndio kusoma.

Dakika 15: soko la mifugo. Nusu wakawa wauzaji, nusu wanunuzi. Sheria ilikuwa moja: ukikosea upatanisho, biashara imevunjika. Muuzaji akisema “maziwa hii ni tamu”, mnunuzi anaondoka zake. Akisema “maziwa haya ni matamu”, anauza. Ngamia huyu ni mrefu. Wembe huu ni mkali. Jiwe hili ni zito. Kivuli hiki ni kirefu. Mtu aliyelala Jumatano ile ya kwanza ndiye aliyeuza ngamia wanne!

Dakika 7: kalamu. Kila mmoja akaandika sentensi tatu zake mwenyewe, akabadilishana na jirani wakasahihishana.

Dakika 3 za mwisho: kipande cha karatasi bila jina. Andika jambo moja ambalo bado hujaelewa. Mtu hawezi kusema mbele ya darasa kwamba hajui, lakini karatasi haina macho.

Msomaji, usidhani mambo yalikwenda kama siagi. Kelele zilizidi mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia. Jambo baya zaidi, wavulana wanne waliteka soko zima, wasichana wakabaki kutazama. Kwa hivyo wiki iliyofuata nilimpa kila mtu vijiwe viwili. Ukisema, unaweka kijiwe kimoja chini. Vikiisha, unangoja mpaka wengine wamalize vyao. Wale wanne waliishiwa vijiwe dakika ya pili! Tukasikia sauti ambazo hatukuwahi kuzisikia tangu kidato cha kwanza.

Nilirudia zile sentensi tano baada ya wiki moja. Kati ya 29 waliokuwepo, 19 walipata “maziwa haya ni matamu”. Kumi walikosa. Nilipotazama karatasi zao vizuri niliona jambo: wengi wao waliandika “maziwa haya ni tamu”. Yaani “haya” wameijua, lakini kivumishi ndicho kilichowashinda. Basi hawakuwa wajinga; mimi nilikuwa nimebeba mizigo miwili kwa safari moja. Kipindi kilichofuata kilikuwa cha vivumishi peke yake. Hiyo ndiyo maana ya tazama, boresha.

SOMO LA REDIO NA LA SIMU

Sasa tuje kwa somo la mbali. Machi 2020, shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya Korona. Nilikuwa darasa la tano. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba 2020, sisi wengine tukangoja mpaka Januari 2021. Serikali kupitia KICD ilipeleka masomo kwenye redio, televisheni na intaneti. Nyumbani tulikuwa na redio ya betri. Nilijitahidi kusikiliza, lakini mtangazaji alikimbia, nami nilibaki nyuma. Redio haikuningoja, wala sikuweza kuiuliza swali.

Kumbe kuna waliolitatua jambo hilo zamani! Katika miaka ya 1980, hapahapa Kenya, kulikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio kwa watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu, baada ya njia kama hiyo kutumiwa kufundishia hesabu nchini Nicaragua miaka ya 1970. Redio ilikuwa inauliza swali, kisha inanyamaza. Watoto wanajibu kwa sauti, halafu redio inatoa jibu sahihi. Kimya kile kidogo ndicho kilichowageuza wasikilizaji kuwa wanafunzi.

Naye Salman Khan wa Marekani alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha binamu yake hesabu akiwa mji mwingine. Mwaka 2006 akaanza kuweka masomo mafupi ya video kwenye intaneti. Binamu zake wakamwambia wanampenda zaidi kwenye video kuliko ana kwa ana! Sababu ni kwamba video unaisimamisha na kuirudia mara kumi bila aibu.

Hayo mawili, kimya na kurudia, ndiyo niliyoyachukua kwa ajili ya jirani yangu wa dawati. Huko malishoni hakuwa na simu, ila abti yake, yaani mjomba wake, alikuwa nayo, na kila alipokuja kisimani kunywesha mifugo mtandao ulishika. Hapo kwanza nilimtumia picha za kurasa kumi za daftari. Zikala bando lote la mjomba, na hazikusomeka. Nikatumia akili. Nikaanza kumrekodia sauti, zisizozidi dakika tatu, jambo moja kwa kila sauti. Nilikuwa nasema, “Mbele yako kuna mbuzi watano. Wataje: mbuzi huyu au mbuzi hii? Nyamaza, hesabu mpaka kumi, sema kwa sauti.” Nami nanyamaza kweli. Kisha natoa jibu. Mwisho nampa swali moja, naye anijibu siku mjomba akirudi kisimani. Kwa wale wenye simu ya mulika mwizi, tuliandika swali lilelile kwa ujumbe mfupi.

Jibu lake la kwanza lilikuja baada ya siku nne, mbuzi wakilia nyuma. Alisema, “Mbuzi hii... la, ngoja. Mbuzi huyu ni mkaidi, amekula daftari langu.” Nilicheka mpaka machozi. Alikuwa amejisahihisha mwenyewe, bila mwalimu, bila ubao, katikati ya pori.

Alirudi shuleni wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula. Sitaki kukudanganya kwamba aliongoza darasa. Kiswahili alipata C. Kemia alianguka, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeijua kemia vya kutosha kumtumia sauti. Hapo ndipo ninaposema wazi: mwanafunzi kumfundisha mwenzake ni fimbo ya kuegemea, si mguu. Walimu bado tunawahitaji, tena sana. Lakini yuko hapa, dawati limejaa, na kemia tunaihangaikia pamoja.

MUHTASARI KWA MWENYE HARAKA

Kwanza, jiulize: mwanafunzi atatoka akiweza kufanya jambo gani moja? Pili, anza na anachokijua. Tatu, mpe kila mtu kazi, hata yule wa dawati la nyuma. Nne, usiulize “mmeelewa?” bali mpe kitu afanye ukione. Tano, kwa somo la mbali, lifanye fupi, uliza, nyamaza, jibu, na lisile bando la watu. Sita, soma makosa ya wanafunzi kama barua uliyoandikiwa wewe.

Kwa walimu wetu wapendwa: hatusemi msiandike ubaoni. Ubao ni mzuri. Tunaomba tu mgeuke mara kwa mara mtutazame. Na kwenu wanafunzi wenzangu: mwalimu akiuliza, msiseme “ndiyooo” ya uongo. Kuuliza si ujinga.

Mkutano wa chama ni kila Jumatano baada ya vipindi. Kadi bado zipo, maboksi ya baasto hayaishi Tarbaj. Anayeijua kemia vizuri, tafadhali aje na vijiwe vyake viwili.

Wasalaam.